Sauti Yako na Redio ya Deki Mbili

Baba Kabula, nimenunua redio ya deki mbili! Mpya, ya dukani, imetoka kwenye boksi lake na yale mapande meupe mepesi yanayolia ukiyagusa. Nimeichagua mimi, nimeibeba mimi kichwani kutoka stendi mpaka nyumbani, na ninaiendesha mimi bila kumwita mtu. Songwa nzima inajua. Asiyejua ni kwa sababu hakuwepo.

Nisamehe, nimepayuka kabla ya salamu. Mwangaluka, mume wangu. Sisi huku wazima. Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote kwa mkupuo, mpunga umekubali. Ungekuwepo ungesema, kama ulivyokuwa ukisema kila nikirudi mnadani na habari, "Mama Kabula, kaa kwanza, vuta pumzi, halafu anza mwanzo." Basi nimekaa. Nimekaa kwenye kigoda chako, daftari liko magotini, na pumzi nimevuta.

Redio yenyewe sikuinunua kwa ajili ya muziki. Ni kwa ajili ya kaseti yako. Ile kaseti moja uliyotutumia kutoka machimboni, uliposikia Minza amezaliwa. Kaseti hiyo imeugua, Baba Kabula. Nitakueleza yote, hata lile ambalo sipendi kulieleza, lakini niache nijisifu kidogo kwanza, maana nikianza na lile lingine kalamu itakwama na barua hutaipata.

Nianze na Kabula wako. Yule uliyempa jina la mvua kwa sababu alizaliwa paa likivuja juu ya uso wangu. Yuko kidato cha tatu, na amechagua fizikia. Mimi fizikia siijui, niliishia darasa la nne kama unavyojua, lakini nimeona kazi yake. Likizo iliyopita alirudi, akafungua tochi ya jirani iliyokuwa imekufa mwaka mzima, akakwangua kitu, akafunga, ikawaka. Jirani akasema, "Huyu mtoto ni wa nani?" Nikamwambia, huyu ni wa Baba Kabula, na mimi ndiye niliyembeba. Mwalimu wake ameandika kwenye ripoti kwamba ana bidii. Nimeitundika ukutani. Wageni wakija nawakalisha mahali ambapo hawawezi kuacha kuiona.

Na nyumba nimeiezeka bati. Ndiyo, bati! Mwaka juzi, kwa mpunga wangu na michembe yangu ya viazi vikavu, bila kumpigia mtu magoti. Mvua ikinyesha sasa ni kelele tu, ndani pakavu.

Haya, turudi kwenye redio.

Ni Kabula aliyesema tununue. Alisikiliza kaseti yako akasema, "Mama, hii ikikatika, baba hayupo tena. Tuinakili kabla haijafika huko. Na nakala zisikae nyumba moja, maana nyumba moja inaungua, inaibiwa, inaingia mchwa. Zikae nyumba tatu." Mimi nikaona ni maneno makubwa kwa kaseti moja. Lakini nikafikiri, ng'ombe zako mwenyewe hukuzifuga zote kwenye zizi moja. Mbili zilikuwa kwa baba mkwe, moja kwa rafiki yako kule Kharumwa, ili ugonjwa ukiingia huku, kule wabaki. Sasa kwa nini wewe nikuweke kwenye zizi moja? Nikasema sawa.

Kabla hajarudi shuleni akaniandikia karatasi. "Mama, ukifika dukani usiulize ina taa ngapi. Uliza kama kaseti mbili zinaingia pamoja na moja inamnakili mwenzake humo humo ndani, bila waya. Uliza kama inakula betri, maana umeme hatuna. Uliza mpira wa ndani ukikatika kama fundi wa Shinyanga anao. Halafu ijaribu mwenyewe, mimi nikiwa sipo. Kama huiwezi peke yako, iache hata kama ni nzuri." Hilo la mwisho ndilo lililonigusa. Mtoto anajua kwamba redio inayosubiri mtu wa kuiwasha ni pambo tu la ndani.

Nilikwenda mjini siku moja na Mabula, mdogo wako. Alikuwa ametoka Chato na magunia ya dagaa, ananuka ziwa lote. Unamjua Mabula, haendi dukani kununua, anaenda kusifia. Duka ni lile la Mama Zainabu, mama wa Kihindi aliyezaliwa pale pale mjini, anayeuza redio na cherehani. Alituona tu mlangoni akatutupia, "Mwangaluka, mayu!" na Kisukuma chake, Baba Kabula, kimenyooka kuliko cha Mabula, ambaye siku hizi anachanganya na Kizinza.

Mabula akaenda moja kwa moja kwenye lidude moja kubwa, ghorofa tatu, spika mbili pembeni kama walinzi, taa zinakimbizana. Linapiga kaseti, na juu kabisa linapiga sahani ndogo zinazong'aa kama kioo. "Shemeji," akasema, "usihangaike. Hii ukiifungulia Songwa, Biharamulo wanacheza." Ikafunguliwa. Kweli, kifua kilitetemeka. Watu wa nje wakaja kuchungulia. Nikamuuliza Mama Zainabu, hii inarekodi kwenye hiyo sahani? Akasema hapana, sahani ni ya kusikiliza tu. Inakula betri? Akacheka. "Mayu, kama huna umeme utakuwa umenunua kabati."

Nikamwambia Mabula, shemeji, inaimba vizuri, lakini kaka yako hayumo kwenye sahani. Yumo kwenye kaseti.

Akalipigapiga lile lidude mgongoni. Kisha akasema, "Basi nunua kabati, utaweka vyombo." Mama Zainabu alicheka mpaka akashika kaunta.

Kulikuwa na njia nyingine, ya bei ndogo, na sitakuficha kwamba ilinivuta. Fundi mmoja wa pale nyuma ya soko alikuwa ameniambia, "Mama, usipoteze pesa. Lete redio yako ya zamani, mimi nina yangu, naweka waya katikati, ninakunakilia leo leo." Lakini redio yetu ya zamani siku hizi inatafuna. Ilitafuna kaseti ya kwaya ya jirani, tukaitoa utumbo nje mita kwa mita, tukauzungusha tena kwa kalamu. Nikajiona nimesimama kwa fundi, utumbo wako uko mezani, watu wanapita wanachungulia. Nikasema hapana. Na hata angefaulu, mwakani nikitaka nakala nyingine? Nirudi tena kumbembeleza? Nilikuwa nataka kitu cha nyumbani. Kikae kwenye meza yangu, siku yoyote mtoto wako yeyote akisema "Mama, nami nipe baba niende naye", nimpe.

Ndipo nikaiona hii yangu. Ilikuwa chini, pembeni, haina makelele. Nyeusi, ina mpini wa kubebea, matundu mawili ya kaseti mbele kama macho. Inakula betri kubwa sita, na ukipata umeme ina waya wake. Mama Zainabu akaniambia mipira yake ipo, fundi yeyote anaijua, ndiyo iliyojaa mjini. Nikamwambia nifundishe. Akanionyesha mara moja: kaseti yenye maneno tundu hili, kaseti tupu tundu lile, bonyeza hiki, bonyeza hiki. Kisha huyu mwanamke, Mungu ambariki, akavuta kiti akakaa, akakunja mikono. "Sasa fanya wewe. Mimi nimekaa."

Mabula akataka kusaidia. Mama Zainabu akamwambia, "Baba, na wewe kaa."

Mara ya kwanza nilikosea, nikaziweka kinyume, tupu mahali pa yenye maneno. Haikuwa kitu, ilikuwa ya kujaribia. Lakini moyo ulinipasuka, nikafikiri, ingekuwa ni ile ya Baba Kabula? Mama Zainabu aliona uso wangu. Akachukua kichupa chake cha rangi ya kucha, nyekundu, akatia tone kwenye kitufe cha kurekodi na jingine pembeni ya tundu lile la kaseti tupu. "Nyekundu na nyekundu," akasema. "Ya zamani yako isiguse nyekundu maisha yako yote." Hapo nikaelewa. Maandishi yote ya redio ile ni Kiingereza, lakini tone lile linasemeka kwa lugha yoyote.

Mara ya pili nikaweza. Nilitakiwa kusema kitu ili kinakiliwe, nikasema, "Haya, mimi ni Mama Kabula wa Songwa, nimekuja kununua." Nikanakili. Nikafungua nakala, nikasikia mwanamke anapayuka kama anafukuza ndege shambani. Nikauliza, huyo nani? Mabula akasema, "Shemeji, ndiyo wewe. Kaka yangu alivumilia mengi." Mara ya tatu nikafanya huku nimefumba macho, kwa kupapasa. Nikalipa.

Kaseti tupu nikachukua mpya, nne, zenye karatasi yake bado. Mabula alishauri tuchukue zilizotumika, tufute za mahubiri tuweke wewe. Nikamwambia siku ya mwisho atakwenda kujibu mwenyewe.

Sasa nimemaliza kujisifu, na lile lingine limefika.

Baba Kabula, unakumbuka redio yako ya kwanza, ile iliyokufa kwa mvua kule machimboni? Ulitoa spika yake, ukaivunja, ukachukua sumaku. Ulirudi nyumbani Krismasi ukanionyesha jinsi unavyoipitisha juu ya mchanga mweusi ukishaosha, inavuta vumbi la chuma lote, dhahabu inabaki peke yake kwenye karai. Ulisema, "Redio haikufa bure. Sasa inanitafutia mali." Ulikuwa unaipenda sumaku ile. Unaitembeza mfukoni, ukikaa unaichezea.

Duara lenu, lile shimo la dhahabu, lilipowaporomokea, rafiki yako Sospeter ndiye aliyekuleta. Yeye alikuwa juu anavuta kamba, ndiyo maana yupo. Alinikabidhi vitu vyako kwenye mfuko wa nailoni: kofia, mkanda, leso yako ya bluu, na sumaku. Minza alikuwa na miezi minne, hujawahi kumwona. Na kaseti ilikuwa tayari kwangu, imefika na basi wiki tatu kabla.

Nilichukua sanduku lako la mbao. Nikaweka kofia, nikaweka mkanda. Kisha nikafikiri, kuna vitu viwili ambavyo ni vyako kuliko vyote, kitu ulichokuwa unakishika na kitu ulichotamka, navyo visiachane. Nikailaza kaseti juu ya sumaku, nikavifunga pamoja kwa leso, mafundo mawili. Niliona nimekulaza vizuri.

Kila mwaka, siku yako, nilifungua, nikaenda kwa jirani mwenye betri, tukakusikiliza, nikarudi, nikafunga tena. Miaka ya mwanzo sikuona kitu. Kisha ukaanza kukwaruza. Nikasema ni betri. Kisha ukaanza kuzama. Maneno mawili matatu yanasikika, unazama, unarudi. Unazama, unarudi. Kama mtu anayeongea kutoka ng'ambo ya mto na upepo unabadilika. Nikasema ni uzee wa kaseti, kila kitu kinazeeka.

Likizo ile iliyopita Kabula alinikuta nafungua fundo. Akachukua sumaku, akaisogeza kwenye kisanduku cha sindano, sindano zikaruka. Akaniuliza, "Mama, hii ilikaa hapa tangu lini?" Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Akaniuliza, "Nani aliiweka?"

Mimi.

Hakunilaumu. Alikaa chini, akanieleza taratibu, kama mimi ndiye mwanafunzi, kwamba sauti ndani ya kaseti ni vumbi la chuma lililopangwa, na sumaku inalipangua. Nikamwambia, kama mchanga mweusi wa baba yako? Akasema, ndiyo mama, kama ule ule. Basi nikaelewa fizikia yote siku hiyo. Sumaku ilifanya kazi uliyoifundisha. Na kila mwaka nilipokufunga upya, mahali papya, nilikufuta upya.

Miaka saba, Baba Kabula. Kwa mafundo mawili.

Ukimwacha Kabula, sijamwambia mtu. Mabula anadhani ni mende. Nakwambia wewe wa kwanza, na nimeandika hapa nimeacha kidogo, nimekwenda kuchota maji, nimerudi. Ungekuwepo ungefanya ile sauti yako ya puani, ungesema, "Si ulitaka nikae vizuri tu." Najua. Lakini nilitaka uisome kwa mwandiko wangu.

Tulikunakili asubuhi moja wiki mbili zilizopita, Kabula amerudi likizo. Aliniacha nifanye mwenyewe, yeye kakunja mikono kama Mama Zainabu. Betri zote sita mpya kwa mara moja, maana moja ikiwa imechoka redio inazunguka polepole na sauti yako inakuwa nzito kama ya dume la ng'ombe. Kisha akaniambia nivunje vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti yako, ili hata mtu akibonyeza nyekundu kwa makosa isikubali kufutika. Mkono ulikataa. Nikamwambia, yaani baba yako nimvunje? Akasema, "Mama, hii ndiyo inamlinda." Nikavunja. Vijino vyenyewe nimevihifadhi, sijui kwa nini, viko kwenye kikopo cha shanga.

Kuna kitufe cha kunakili haraka. Tulijaribu. Ukatoka unaongea kama panya anayegombana na mke wake, Minza akaanguka chini kwa kicheko, hata mimi, hata Kabula na fizikia yake. Kisha tukakurudisha kwenye mwendo wako. Unaongea taratibu, wewe. Nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya kuanza unanyamaza kidogo, halafu unakohoa, halafu ndiyo unasema, "Mama Kabula, habari imenifikia."

Nakala tatu zimetoka. Moja ni yangu. Moja Mabula amekwenda nayo Chato, nimemwapisha isikae karibu na spika wala karibu na dagaa. Moja ni ya Sospeter, bado yuko Kharumwa, bado anashuka chini. Ile yako ya asili imefungwa kwenye kitambaa kikavu, peke yake kabisa, iko juu ya kabati la nguo, haifunguliwi tena. Na sumaku haipo humu ndani. Hilo nitakwambia mwishoni.

Lakini nakala haijui kurudisha kilichokwisha kufutika. Inanakili na mashimo yake. Na shimo kubwa kuliko yote, Baba Kabula, liko mwanzoni, kwenye maneno ya Minza.

Hivi ndivyo unavyosikika sasa: "Mtoto huyo mwiteni," unazama, "la mama yangu." Unazama, unarudi, "mwambieni baba yake yuko chini anamtafutia," halafu unazama kabisa, mpaka kwenye "nitakuja nacho mwenyewe."

Minza alikuwa amekaa mbele ya redio, mikono kwenye magoti. Ana miaka saba, meno ya mbele hana, masikio ni yako. Hilo la jina halikumsumbua, jina lake analijua, anajua ni la bibi yake. Alinigeukia akaniuliza, "Mama, baba alisema ananitafutia nini?"

Nikajibu hapo hapo, "Bati."

Mabula akadakia, "Bati wapi! Alisema ng'ombe. Ng'ombe mweupe. Mimi niliisikia kaseti hii mara ya kwanza kabisa, nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Shemeji, mtu anasema 'nitakuja nacho' juu ya ng'ombe?"

"Sasa na bati je? Bati nacho?"

"Wewe ng'ombe unawaona mpaka kwenye sahani ya ugali."

"Na wewe bati unaliona mpaka kwenye usingizi!"

Tulicheka, tukabishana mpaka chai ikapoa. Minza akawa anatuangalia huyu, anatuangalia yule. Hakucheka. Akasema, "Kwa hiyo hamjui."

Nililala na neno hilo, na asubuhi nikaamka nalo. Maana Mabula alisema kweli bila kujua. Ni mimi niliyelitaka bati. Miaka ile navujiwa, nahamisha watoto kutoka kona hii kwenda ile, nilikuwa nalilia bati. Inawezekana nililitia neno hilo mdomoni mwako. Na Mabula wakati ule alikuwa anatafuta mahari, kichwa chake chote ni ng'ombe. Mimi ninayejivuna kwamba nakujua kwa moyo, ninayewaambia watu naweza kuisema kaseti yako yote bila redio, nimejisikiliza kimya kimya, na ukweli ni kwamba neno lile silikumbuki. Nimelitafuta. Halipo. Sijui lilitoka lini.

Nilimwandikia Sospeter, nikampa dereva wa lori la pamba. Yeye ndiye aliyekuwa amekushikia redio ile ya kuazima siku unarekodi, ulituambia mwenyewe kwenye kaseti, "Sospeter ananishikia, mkono unamtetemeka kama anashika nyoka." Jibu limekuja juma hili, mistari mitatu. "Shemeji, nakumbuka. Sitaandika, maana si neno la kuandika, lina jinsi alivyolisema. Niite nitakuja." Na chini ameandika, "Wabeja, asante kwa kunikumbuka. Watu wengi wanafikiri mimi ndiye niliyeachia kamba."

Mume wangu, hilo la kamba sikuwahi kulijua. Miaka saba mtu anakaa nalo Kharumwa peke yake. Basi nikaona watu tulio na jambo la kusema juu yako ni zaidi ya mmoja, na si juu ya kaseti tu.

Kabula ametoa mpango, na mimi nimeupitisha, maana nyumba ni yangu. Tutakutana wote hapa. Kila mtu aliyewahi kuisikia kaseti yako ikiwa nzima ataingia chumbani peke yake na redio, atasema anavyokumbuka ulivyosema, bila kumsikia mwenzake, ili tusiambukizane maneno. Kaseti ya nne ile tupu ndiyo ya kazi hiyo. Mabula ataleta ng'ombe wake. Mama yako, ambaye haoni tena lakini anasikia mpaka sisimizi, ataingia. Jirani mwenye betri ataingia. Sospeter ataingia wa mwisho. Kisha tutakaa uani, tutawasha sauti yako kwanza, na ukizama tu nitasimamisha, halafu tutawasha zao mmoja mmoja, na Minza atasikiliza zote. Hatutapiga kura. Yeye ndiye atakayeamua lipi ni la baba yake, na akitaka yote, atayachukua yote.

Mimi nitaingia wa kwanza. Nitabonyeza nyekundu mwenyewe. Nitasema, mimi ni Mama Kabula wa Songwa. Nitasema ni mimi niliyeweka sumaku, si mende. Halafu nitasema, neno lile silikumbuki. Nimeshajaribu kulisema kwa sauti shambani, peke yangu, na mdomo haukuanguka.

Na sumaku, niliyosema nitakwambia mwishoni, nampa Sospeter akirudi, aende nayo machimboni ikafanye kazi yake. Nitamkabidhi mbele ya watu wote, kwa mikono miwili, na nitamwambia kamba hukuiachia. Nakuahidi.

Pumzika, Baba Kabula. Sasa una nyumba tatu, na hakuna hata moja inayovuja. Pombe mama yako amekwisha kuagiza iandaliwe, mchele ninao, mbuzi ametajwa ingawa yeye hajaambiwa. Minza amechukua kigoda hiki ninachokalia, ananisubiri ninyanyuke, anasema siku hiyo kitawekwa karibu na redio na asikikalie mtu. Barua zimekwisha kwenda Chato na Kharumwa, na zote zinataja siku ile ile: Jumamosi ya kwanza baada ya kumaliza kuvuna mpunga, saa tatu asubuhi, waje wote.